Mshono Usioonekana

Mnamo Oktoba 1840, karani wa Wizara ya Fedha mjini Paris aitwaye Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa maiti. Kifua wazi, shuka kiunoni, macho yamefumbwa, kiwiliwili kimeegemea kama cha mtu aliyeopolewa mtoni na kusubiri ndugu waje kumtambua. Nyuma ya picha aliandika maelezo: marehemu huyu ndiye aliyegundua njia yake mwenyewe ya kupiga picha, akajitosa majini kwa kukata tamaa, maana serikali ilimpa mshindani wake Daguerre kila kitu na yeye ikamwacha mikono mitupu. Uso na mikono vilitoka vyeusi kwenye karatasi, pengine kwa sababu ya ngozi iliyochomwa na jua, naye akaigeuza kasoro hiyo kuwa sehemu ya hadithi kwa kusema kwamba mwili umeanza kuoza. Maiti huyo aliishi karibu miaka 47 zaidi, akafariki mwaka 1887. Upigaji picha ulikuwa umetangazwa rasmi kwa ulimwengu mwaka 1839. Haukutimiza hata miaka miwili kabla mtu hajautumia kuonyesha jambo ambalo halikutokea. Naanza na Bayard kwa sababu siku hizi picha yoyote ya ajabu, ya samaki anayeogelea mawinguni au barabara inayokunjwa kama kitambaa, huhesabiwa kuwa kazi ya kompyuta, na sifa au lawama hupelekwa kwa programu. Historia haikubali. Kompyuta iliikuta picha ya kiinimacho ikiwa na umri wa miaka 150, na kazi yake ngumu, ambayo ni kupanga nuru, pembe na vivuli hadi vitu visivyojuana vikubali kukaa pamoja, imebaki ngumu vilevile.

Jambo la kushangaza ni kwamba mbinu ya kuunganisha picha mbili ziwe moja haikubuniwa kwa ajili ya ndoto. Ilibuniwa kwa ajili ya ukweli. Sahani za vioo zilizopakwa kolodioni, zilizoenea baada ya mwaka 1851, zilikuwa na ugonjwa mmoja: ziliona rangi ya buluu kupita kiasi. Mpiga picha aliyeacha nuru iingie muda wa kutosha kuonyesha mawimbi na majabali alikuta anga imekuwa nyeupe tupu, haina wingu hata moja. Akipunguza muda ili apate mawingu, bahari inazama gizani. Jicho la mwanadamu linaona vyote viwili kwa pamoja, kamera ya wakati ule haikuweza. Gustave Le Gray, Mfaransa, katika picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857 alitatua tatizo hilo kwa kupiga negativu mbili, moja ya maji na moja ya anga, kisha akazichapa kwenye karatasi moja na kuuficha mshono kwenye upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Watu walistaajabu. Baadaye iligunduliwa kwamba mawingu yaleyale yanaonekana juu ya bahari tofauti. Je, huo ni uongo? Kwa kipimo cha mahakama, ndiyo: mawingu yale hayakuwa pale. Kwa kipimo cha mtu aliyesimama ufukweni, picha yenye mawingu ya kuazima inafanana zaidi na alichokiona kuliko ile yenye anga iliyofutika. Tangu mwanzo kabisa, basi, kamera ilihitaji mkono wa mhariri ili iseme hata mambo ya kawaida.

Kutoka kwenye negativu mbili hadi thelathini ni hatua ya ujasiri, na aliyeipiga ni Oscar Rejlander, Mswidi aliyehamia Uingereza na kufungua studio Wolverhampton. Mwaka 1857 alionyesha mjini Manchester picha aliyoiita njia mbili za maisha: mzee anawaingiza vijana wawili ulimwenguni, mmoja anaelekea kwenye sala na kazi, mwingine kwenye kamari na anasa. Studio yake isingeweza kuwaweka watu wote wale, wala lenzi za siku zile zisingeweza kuwashika wote wakiwa wazi kwa mpigo mmoja. Akawapiga kwa makundi, kila kundi kwa kipimo chake, negativu zaidi ya 30, kisha akazichapa moja baada ya nyingine kwenye karatasi yenye upana unaokaribia sentimita 80, akifunika sehemu zilizobaki ili zisiguswe na mwanga. Kazi ilimchukua wiki sita. Tuipime hesabu hiyo kwa utulivu. Aliyesimama mbali na lenzi lazima apigwe akiwa mdogo kwa kiasi kilekile kitakachodai nafasi yake wiki tano baadaye. Mwanga uliompiga wa kushoto lazima uwe ndugu wa mwanga uliompiga wa kulia. Nguzo na mapazia yaishie pale mwili wa mwingine unapoanzia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kurekebishwa baada ya negativu kukauka. Picha nzima ilibidi iwepo kichwani kabla ya sahani ya kwanza kupakwa dawa. Malkia Victoria alinunua nakala yake, ingawa huko Edinburgh upande wa anasa, wenye wanawake walio uchi, ulifunikwa kwa pazia. Watazamaji wakaruhusiwa kuona nusu ya wema tu, jambo ambalo kwa hakika liliharibu mafunzo ya picha kuliko uchi wenyewe.

Mwenzake Henry Peach Robinson alituachia ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi mpango unavyotangulia kamera. Picha yake ya mwaka 1858, ya msichana anayekata roho mbele ya jamaa zake, iliunganishwa kwa negativu tano. Baadhi ya watazamaji walichukizwa kwanza na ukatili wa kuingiza kamera katika chumba cha mgonjwa. Walipojulishwa kwamba msichana alikuwa mzima na chumba kilitengenezwa, wengine wakachukizwa na hila. Lakini kinachonivutia zaidi ni karatasi ya Robinson iliyosalia hadi leo, yenye mchoro wa mkono wa mandhari nzima na, katikati yake, kipande kimoja cha picha halisi kilichobandikwa mahali pake. Yaani alichora kwanza, kisha akaenda kupiga vipande vya kuujaza mchoro, kama fundi cherehani anayekata karatasi ya vipimo kabla hajagusa kitambaa. Mchoro wa namna hiyo ungeweza kukutwa leo kwenye meza ya yeyote anayefanya kazi hii kwa umakini.

Hapa linakuja pingamizi zito, nalo halipaswi kupitwa kwa haraka: ikiwa mshono umefichwa, je, si udanganyifu tu wenye jina zuri? Rekodi ya udanganyifu ipo, tena ndefu. William Mumler wa Boston alianza miaka ya 1860 kuwauzia wafiwa picha zenye vivuli vya marehemu wao nyuma ya kiti. Mwaka 1869 alishitakiwa New York, na P. T. Barnum, bingwa wa maonyesho ambaye naye hakuwa mgeni wa hila, alitoa ushahidi dhidi yake. Mumler aliachiwa kwa kukosekana uthibitisho, na baadaye akampiga mjane wa Abraham Lincoln akiwa na kivuli cha mumewe mabegani. Huko Muungano wa Kisovieti, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alionekana akitembea kando ya Stalin ukingoni mwa mfereji wa Moscow. Alipouawa mwaka 1940, akaondolewa pia kwenye picha, na maji ya mfereji yakajaza nafasi yake. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada lililo wima. Mambo haya matatu hayana uzito sawa. Mwizi wa machozi ya wajane, mfuta watu na mhariri aliyebanwa na umbo la jalada hawawezi kupewa hukumu moja. Lakini wote wanakutana mahali pamoja: walimtaka mtazamaji aamini kwamba jambo lilitokea. Bayard aliandika nyuma ya picha yake kwa mkono uleule uliokuwa umezama. Rejlander alitundika mafumbo yenye watu waliovaa mavazi ya kale. Hakuna aliyetoka Manchester akiuliza kamari ile ilichezwa mtaa gani. Tofauti iko kwenye ahadi, na ahadi hiyo husomeka ndani ya picha yenyewe: kadiri jambo linavyokuwa muhali, ndivyo picha inavyokuwa kweli zaidi kwa mtazamaji wake, kwa sababu haimwombi imani. Hatari iko kwenye badiliko dogo, lile la piramidi moja iliyosogezwa kidogo.

Karne ya 20 ilipoingia, muhali ukapata wanaharakati. Mwaka 1924 André Breton alitoa ilani ya Usurialisti mjini Paris, akitaka ndoto ipewe hadhi sawa na hali ya kuwa macho. Mwaka huohuo Man Ray, Mmarekani aliyehamia huko, aliuongezea mgongo wa mwanamitindo wake, Kiki wa Montparnasse, matundu mawili ya fidla, mwanamke akawa ala ya muziki. Nakala moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 12. Bei hiyo hainisisimui kama kazi ya Dora Maar, ambaye mara nyingi hutajwa tu kama mwanamke aliyelizwa na brashi ya Picasso. Katika kazi moja ya katikati ya miaka ya 1930 alichukua picha ya dari iliyopinda ya jumba la kale, akaigeuza juu chini, na juu ya mpindo ule akampachika mvulana aliyejikunja kinyumenyume kwa mgongo. Mwili na jengo vimevunjika kwa mkunjo mmoja. Hapo ndipo penye siri: Maar hakuchagua vitu viwili vya ajabu, alichagua vitu viwili vya kawaida vyenye mstari unaofanana, na mstari huo ndio ulioshona ndoto.

Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba ukiwa na subira ya kutosha huhitaji kuhariri chochote. Mfano wanaoupenda ni picha ya Philippe Halsman ya mwaka 1948 iliyomwonyesha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani pamoja na paka watatu wanaopaa, utepe wa maji unaopinda na kiti kinachoelea. Halsman alihesabu, wasaidizi wakarusha paka na ndoo ya maji, Dalí akaruka, taa ikamulika, kisha Halsman akakimbilia chumba cha giza kutazama matokeo huku wengine wakipangusa sakafu na kuwasaka paka. Walirudia zaidi ya mara 20, kwa saa nyingi. Ni kweli kwamba paka walipaa na maji yalimwagika, na heshima ya picha ile inatokana na hilo. Lakini michoro na egemeo la kuchorea vilining'inizwa kwa nyaya, kiti kilishikwa na mke wa Halsman, Yvonne, akiwa nje ya ukingo, na nyaya na mkono huo havionekani kwenye picha iliyochapwa katika jarida la Life. Mhariri alifika mwisho, akafuta alichokuwa ameachiwa afute. Kama mrusho wa ishirini na kitu usingeshikamana, hakuna dawa ya chumba cha giza ingeweza kuushika.

Mpinzani mwerevu kuliko wote wa hoja kwamba mpango hutangulia kamera ni Jerry Uelsmann. Alizaliwa Detroit mwaka 1934, akafundisha Chuo Kikuu cha Florida tangu mwaka 1960, akafariki mwaka 2022. Wakati mpiga picha mashuhuri Ansel Adams alihubiri kwamba picha iliyokamilika ionekane akilini kabla ya kufyatua kamera, Uelsmann alijibu katika miaka ya 1960 kwamba ubunifu unaweza kuanza baada ya hapo. Alipiga miti, mawe, mikono na vyumba bila kujua vitakwenda wapi, kisha akaketi na karatasi za vijipicha vidogo akitafuta nani amwoe nani. Ndani ya chumba chake cha giza mashine kadhaa za kukuzia picha zilisimama safu, kila moja na negativu yake, naye akaihamisha karatasi ileile kutoka mashine hii hadi ile, akiziba na kufungua mwanga kwa mikono. Mti ukaelea juu ya ziwa na mizizi yake. Chumba cha kusomea kikapata mawingu mahali pa dari. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalimpa maonyesho yake binafsi mwaka 1967. Je, huyu hajabomoa hoja ya mpango? Ukitazama kwa karibu, ameuhamisha tu. Mtu anayekusanya vitu kwa miaka kwa jicho lililozoea kuviunganisha anapanga bila kutaja jina la anachokipanga. Ni kama mpishi anayekwenda sokoni bila orodha lakini anajua kitakachopikika pamoja. Na usiku wa kazi ulipofika, kila sekunde ya mwanga katika kila mashine ilihesabiwa. Nakiri, hata hivyo, kwamba Uelsmann anatulazimisha kulegeza neno: mpango hauna lazima uwe mchoro wa Robinson, unaweza kuwa nidhamu ya macho.

Wakati huohuo, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na wataalamu wake ambao hawakuandika ilani yoyote. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, aliendesha studio katika mji wa kale wa Lamu, na pamoja na picha za kawaida za wateja alitengeneza picha za kupachika: sura ya mtu inakatwa kutoka mahali pake, inawekwa ndani ya ua au ndani ya umbo alilolibuni mwenyewe, kisha kazi nzima inapigwa upya ili iwe picha moja. Mji uliojaa milango ya nakshi na mapambo ya plasta haukuhitaji Breton kuufundisha kwamba ua linaweza kubeba mtu. Baadaye, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na abiria akasimama hatua chache kutoka kwenye feri halisi akapigwa picha na meli ya rangi. Kuna watakaosema hizi ni picha za kumbukumbu tu, haziwezi kuwekwa meza moja na Man Ray. Sioni sababu. Mteja wa Likoni alijua fika kwamba hajapanda ndege ile, na jamaa aliyetumiwa picha alijua pia. Ahadi ilikuwa wazi pande zote mbili, na kilichobaki ni tamanio lililopangwa mbele ya lenzi, kwa nuru ya mchana mmoja.

Programu ya Photoshop ilianza kama kazi ya pembeni ya Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1987. Nduguye John, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya madoido ya filamu, akamhimiza aikuze, na toleo la kwanza likauzwa Februari 1990. Tabaka, zinazomwezesha mhariri kusogeza kila kipande bila kuharibu kingine, ziliongezwa mwaka 1994, na kwa ukweli ndizo mapinduzi yenyewe: kile Rejlander hakuweza kukirudia baada ya negativu kukauka, sasa kinarudiwa mara mia. Ungetarajia basi kompyuta iifanye kazi iwe ya haraka. Lakini picha ya Jeff Wall ya mwaka 1993, ya upepo unaotawanya karatasi uwanjani nje ya Vancouver, iliyotokana na chapa ya msanii wa Kijapani Hokusai, ilishonwa kwa kompyuta kutoka picha zaidi ya 100. Mswidi Erik Johansson, aliyezaliwa mwaka 1985, hutoa picha chache tu kwa mwaka. Kwa picha ya mwaka 2016 ya ziwa linalovunjika kama kioo chini ya mashua, angeweza kuchora nyufa kwenye skrini. Alinunua vioo vya mita za mraba 17, akavipeleka kwenye machimbo na kuvivunja, ili kila kigae kibebe anga halisi kwa pembe yake halisi. Kanuni zake, ambazo amezieleza hadharani, zingeeleweka bila mkalimani mjini Wolverhampton: vipande viwe na pembe moja ya kutazamia, viwe na aina moja ya mwanga, na rangi zake zilingane hadi mahali pa kuungana pasijulikane. Mkenya Osborne Macharia hutumia siku nyingi kwenye mavazi, nywele na visa vya kubuni vya wahusika wake, mabibi wastaafu wenye mitindo ya nywele isiyo ya dunia hii, na uhariri huja kuwafaa walioandaliwa tayari.

Tangu mwaka 2022 hoja ya mpango imepata mtihani wake mkubwa, kwa kuwa sasa mashine hutoa picha ya ajabu kutokana na sentensi moja. Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo katika mashindano ya upigaji picha ya Sony jijini London, akieleza kwamba kazi yake ilitengenezwa na akili mnemba na haifai kushindana na picha zilizopigwa. Wengine wanaona hapo mpango umekufa. Naona umetenganishwa tu na mzigo wake. Mashine hailazimiki kupatanisha jua la asubuhi na kivuli cha jioni, kwa kuwa haikukutana na jua lolote. Inatoa wastani wa majua iliyolishwa. Inaweza kupendeza, na mtu mwenye fikra anaweza kuiongoza kwa subira. Lakini picha za ukoo wa Bayard zilipata nguvu kutokana na ukaidi wa vitu: mwili ulikuwa pale, paka waliruka kweli, vioo vilivunjika kweli, na ndoto ilibidi ijadiliane nao.

Hakuna aliyejadiliana kwa bei nafuu kuliko Kiripi Katembo, aliyezaliwa Goma mwaka 1979. Mitaani Kinshasa watu wengi hawakupenda kuelekezewa kamera, naye akaielekeza chini, kwenye madimbwi yaliyoachwa na mvua, akapiga vivuli vyao majini, kisha akaigeuza picha juu chini. Hakubandika kitu wala kufuta kitu. Mpita njia anasimama wima katika mji unaoyumba, na mawe na takataka zilizokuwa tope sasa zinaelea angani kama sayari zilizopotea njia. Moja ya picha hizo ilitangaza maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo jijini Paris mwaka 2015, mwaka aliofariki kwa malaria. Kila alichohitaji kilikuwa mtaani tayari, ila ilimbidi angoje mvua inyeshe, maji yatulie, na mtu apite kabla jua halijalikausha dimbwi.